Kabla ya kuchora kiungio cha shraudi ya kauri

Ukiwa umezoea kuchora sehemu za aloi (metali mchanganyiko) za nikeli, kisha ukakabidhiwa sehemu ya kompositi ya kauri, anza kazi pale inaposhikwa. Joto la gesi kauri hulimudu. Kinachovunjika mara nyingi ni ndoano, tundu la pini au kona.

Tuchukue shraudi, yaani vipande vya ukuta wa mviringo vinavyozunguka ncha za mapanga ya turbini ya shinikizo la juu. Ndiyo sehemu ya kauri iliyomo kwenye injini za ndege za LEAP za kampuni ya CFM, zilizoanza kubeba abiria mwaka 2016. Hutengenezwa kwa nyuzi za silikoni kabidi zilizofungwa ndani ya matriksi (kijazio kinachozishikanisha) ya silikoni kabidi, na kwa ujazo uleule uzito wake ni kama theluthi moja ya nikeli.

Hesabu ya kwanza ni ya kutanuka. Kauri hii hutanuka takriban sehemu 4.5 kwa milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Kwa chuma cha kuishikia, chukua 13.5. Sasa funga unene wa mm 20 kwa boliti, kisha pasha vyote digrii 800. Boliti itarefuka mm 0.144 zaidi ya kauri. Boliti hiyohiyo ikiwa imekazwa hadi megapaskali 300, imevutika mm 0.03 tu. Maana yake imelegea kabisa kabla joto halijafika robo ya safari, na kuikaza zaidi hakukuokoi. Weka springi yenye mwendo unaozidi tofauti hiyo, au tumia boliti yenye kichwa cha koni. Koni hufanya kazi pale tu ncha yake ya kufikirika inapoangukia kwenye uso bapa wa upande wa pili: hapo boliti inapotanuka huteleza juu ya uso wa koni bila kulegea wala kubana. Ukikosea mahali pa ncha, umetengeneza kabari ya kupasulia kauri.

Pini nazo zina hesabu yake. Pini ya mm 8 kwa digrii hizohizo 800 hunenepa karibu mm 0.06 kuliko tundu, kwa hiyo acha nafasi hiyo na uongeze makosa ya uchongaji. Kama pini ni mbili, tundu moja liwe la duara na la pili liwe refu kuelekea la kwanza. Rudia hesabu wakati wa kuwasha, wakati wa mwendo wa kawaida na wakati wa kuzima. Kauri nyembamba hupoa upesi kuliko fremu nene ya chuma, na nafasi uliyoiona kwenye joto tulivu huenda isiwepo dakika moja baada ya kuzima.

Sasa kona, na hapa wageni wengi hukosea. Chukua ndoano yenye unene wa mm 3, inayovutwa ifunguke kwa nyutoni 5 kwa kila mm ya upana, na mkono wa mm 10. Mkazo wa kupinda kwenye mwelekeo wa nyuzi ni kama megapaskali 33, na nyuzi zinaweza kubeba karibu 300. Ukiishia hapo utalala usingizi mzuri. Lakini ndoano inapofunguka, tabaka za nyuzi zilizopangwa moja juu ya nyingine nazo huvutwa zitengane, na mkazo huo ni mara 3 ya momenti (nguvu mara mkono), ukigawa kwa mara 2 ya unene ukizidisha na kipeuo cha pili cha zao la nusukipenyo cha ndani na cha nje. Kona ikiwa na nusukipenyo cha ndani cha mm 3, unapata megapaskali 5.9. Ikiwa mm 1, unapata 12.5. Namba ni ndogo, ila kati ya tabaka hakuna nyuzi. Kuna matriksi peke yake, na uwezo wake ni makumi machache tu ya megapaskali. Ndiyo maana mkazo wa von Mises, yaani namba moja inayojumlisha mikazo ya pande zote, unaotolewa na programu hauna kazi hapa. Toa mkazo kwa kila mwelekeo wa tabaka, na ule wa kuzitenganisha utazame kwanza.

Ukiweza, geuza mzigo ili ndoano ifungwe badala ya kufunguliwa. Usichonge kona kutoka kwenye bamba nene, maana utakata nyuzi palepale zinapohitajika. Tabaka zipindwe na kona.

Kuna pia kemia. Matriksi iliyojazwa kwa silikoni iliyoyeyushwa hubaki na silikoni huru, nayo ikigusana na nikeli kwenye joto kali huunda mchanganyiko unaoyeyuka chini ya kiwango cha kila mmoja wao. Weka kizuizi kati yao na upeleke hewa ya kupoza hapo. Mvuke wa maji kwenye gesi nao hula silika (oksidi ya silikoni) inayoilinda kauri kwa juu, kwa hiyo mipako ya kinga ifike kwenye nyuso zinazopitiwa na gesi. Lakini pale chuma kinaposugua, mipako hiyo hung'oka. Mpaka wake uonyeshwe kwenye mchoro, pamoja na mwelekeo wa tabaka katika kila uso wa kugusana. Kabla ya kuagiza sehemu nzima, tengenezesha vipande vya ndoano peke yake, vyenye mpangilio uleule wa tabaka, uvivute hadi vipasuke vikiwa kwenye joto la kazi.