Shingo ya Mzee kabla ya rangi yake

Mwanangu,

Umeniuliza uchanganye nini upate ngozi ya marehemu baba yake rafiki yako, maana kila ukijaribu inatoka kama imepakwa majivu. Kwenye rangi nitafika. Ila nimeitazama ile picha ya kitambulisho unayotaka kuchorea, na naona ugomvi wako ni na picha, rangi unaionea tu.

Mzee yule alikuwa fundi cherehani. Uliwahi kumwona amenyoosha shingo? Kuinamia sindano miaka yote ile kulimwachia kichwa kilicholala kidogo kushoto, bega la kulia likawa juu ya mwenzake. Kwenye kitambulisho mpiga picha kamwambia inua kidevu, mzee, tazama hapa, basi shingo yake yote ikaondoka. Flashi nayo imefuta vivuli: chini ya nyusi hamna kitu, pembeni mwa pua hamna kitu. Kufanana kunakaa kwenye kichwa na shingo, macho yanakuja kukamilisha. Nimekuambia tangu unachora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni.

Unaijua ile picha ya Babu iliyo juu ya kabati la Bibi, imegeuziwa ukutani. Nyinyi mlidhani inakingwa vumbi. Niliichora kutoka kitambulisho vilevile, na vipimo vyake hata leo huvikosoi: macho katikati ya utosi na kidevu, sikio kati ya nyusi na chini ya pua. Bibi aliitazama kimya, kisha akasema, “Nzuri. Ila huyu hasikilizi.” Babu sikio la kulia lilikuwa limekufa; ukimsemesha aligeuza uso akuletee la kushoto. Mimi niliyekaa naye nyumba moja nikamchora kama askari gwaride. Ningeweza kulaumu picha, lakini picha haikunificha jambo nisilolijua. Au pengine Bibi angesema vile hata ningepatia, kwani mjane wa wiki tatu atatoshwa na picha gani? Hapana. Alikuwa sahihi.

Kwa hiyo tafuta picha ya pili. Ile ya harusi ya dada yao, uliyosema imefifia, ina shingo yake. Chukua mkao kutoka hiyo, na kwenye kitambulisho chukua kope, mikunjo na ukingo wa mdomo. Shida ya kuchanganya picha mbili ni mwanga: moja ikiwa imemulikwa kushoto na nyingine mbele, pua itakuwa na kivuli ambacho shingo haina, na mtu ataona kasoro asijue iko wapi. Amua mwanga unatoka upande mmoja. Halafu mkalishe rafiki yako mwenyewe kando ya dirisha, alaze kichwa kama baba yake, uone kivuli cha taya kinavyoangukia shingoni. Selfi ya karibu usiitumie kupimia, simu ikiwa karibu hukuza pua na kurudisha masikio nyuma. Na nyingine zimegeuzwa kama kwenye kioo, ukizifuata baka la shavuni utalihamisha.

Picha ya karatasi ipige upya nje, kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba nayo. Ukiinamisha simu, paji la uso litapanuka na kidevu kitabana. Ichapishe iwe sentimita 16 kwa 20, uigawe miraba ya sentimita 2. Kanvasi ya 40 kwa 50 igawe miraba ya sentimita 5. Kote unapata miraba 80, nane kwa kumi. Kichwa kisizidi sentimita 20 hivi toka utosi hadi kidevu, pungufu kidogo ya kichwa cha kweli. Ukizidisha cha kweli unapata bango la kampeni. Mistari piga kwa mkaa mwepesi unaofutika. Kalamu ya wino na maka pen kwenye kanvasi sizitaki, wino wake hupenya rangi ya mafuta ukajitokeza baadaye.

Ana kofia, basi chora fuvu kwanza ndipo umvishe. Wengi huanza na ukingo wa kofia kana kwamba ndiyo mwisho wa kichwa, macho yakapanda juu, mzee akabaki bila ubongo. Ukimaliza mchoro geuza picha na kanvasi juu chini, ulinganishe. Ukiona mwenyewe hukosei, vitazame kwenye kioo.

Haya, rangi. Usianze na rangi. Tabaka la kwanza liwe amba iliyochomwa, ile kahawia iliyokolea, peke yake, imelainishwa kwa tapentaini, nyembamba kama chai. Penye mwanga futa kwa kitambaa. Kichwa kikisimama hapo, kimesimama. Kisiposimama, hakuna kahawia itakayokuokoa. Iache siku mbili tatu ikauke. Matabaka ya juu ndiyo uyaongeze mafuta ya kitani, kidogo kidogo. Ukianza na nono ukamalizia na kavu, la chini litaendelea kujivuta huku la juu limeshakakamaa, na uso utapasuka.

Majivu yako yanatokana na nyeupe. Unatafuta mwanga, unakimbilia nyeupe ya titani, nayo inapooza kahawia yoyote inayoigusa. Msingi wa ngozi yake ufanye kwa siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, sehemu mbili, na oka ya manjano nusu sehemu. Kupandisha mwanga ongeza oka na nyekundu chembe, nyeupe iwe ya mwisho, kiasi cha ncha ya kisu. Kivuli changanya amba na bluu ya ultramarini. Nyeusi ya tyubu iache, itakutobolea shimo shavuni. Ule mng’ao wa paji la uso na ncha ya pua, ukitoka dirishani, ni mwanga wa mbingu, una ubluu. Ni mipako miwili mitatu tu, na usiisugue. Weupe wa jicho si mweupe, una kijivu cha kahawia, na kope ya juu inautupia kivuli. Wazee wengi wana duara la kijivu-samawati pembezoni mwa sehemu ya jicho yenye rangi, pale inapokutana na weupe. Mtazame kama alikuwa nalo. Ukilisahau utampunguzia umri bila kukusudia.

Kofia na kanzu, vivuli vyake ni bluu na kahawia iliyokonda. Nyeupe tupu weka mahali pamoja, penye mwanga mkali kuliko pote. Tepu ya shingoni mwekee, lakini namba zake usiziandike zote. Mistari michache inatosha, la sivyo watu watasoma tepu wamwache mwenyewe.

Sasa, unasema uiwahishe kwenye hitma ya arobaini, na zimebaki siku 28. Ukipaka nyembamba itakauka kushikika, ila vanishi ngoja miezi sita. Lakini hitma watu wanaisomea sebuleni pale pale, na wapo jamaa zao wasiotaka picha ya mtu mahali pa sala. Kabla hujanunua kanvasi muulize rafiki yako itatundikwa wapi. Nafsi yangu inapenda zawadi ya ghafla. Kwa nyumba ile, hapana. Ipeleke baadaye, siku ya kawaida, imefunikwa. Na kwa unyevu wetu huu isigusane na ukuta: bandika vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, nyuma ya fremu, hewa ipite, isiote ukungu.

Limebaki lile ulilolitaja kwa kupita, kwamba mama yake anamtaka marehemu achorwe kijana wa harusi yao, na mwanawe anamtaka wa mwisho, mwenye ndevu nyeupe. Hilo sikuamulii. Mume ni wake, baba ni wake. Ningekuwa mimi ningemsikiliza… hapana, nimesema sikuamulii. Ila jua kwamba shingo ile ya kulala kijana hana, na ukimchora kijana, yote niliyoandika juu ya shingo yatupe.

Ukifika mwisho wa tabaka la amba nitumie picha. Iwe ya asubuhi, karibu na dirisha, siyo ya usiku chini ya taa kama ulivyofanya safari ile.

Mama yako,
Tanga