Agave ya tekila: mkulima aanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasomea diploma ya kilimo, nyumbani ni Korogwe na baba analima mkonge. Nimesoma kwamba tekila, pombe kali ya Meksiko, inatokana na mmea ambao ni ndugu wa mkonge wetu, na kwamba kilimo chake kinalalamikiwa kwa kumaliza misitu na kuchafua mito. Nimeshangaa, maana mkonge tunaambiwa ni zao la ukame lisilo na makuu. Tatizo lao hasa liko wapi? Na mkulima wa kule akitaka kulima bila kuharibu mazingira, aanze na lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Undugu huo ni wa karibu sana. Mkonge ni Agave sisalana, tekila inatoka kwa Agave tequilana, yaani agave ya bluu. Mkonge wenyewe asili yake ni Meksiko. Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliuagizia Tanga mwaka 1893 kupitia Florida, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ilinusurika 62 tu. Kwa hiyo mengi ya Jalisco, jimbo linalotoa sehemu kubwa ya tekila, hayatakuwa mageni kwako.

Kuhusu maji uko sahihi. Agave hufungua matundu ya majani usiku, hewa inapokuwa imepoa, ikavuta kaboni dayoksaidi na kuihifadhi kama asidi. Mchana matundu yanafungwa na unyevu unabaki ndani. Mashamba mengi ya Jalisco hayamwagiliwi, yanategemea mvua za kuanzia Juni hadi Oktoba. Ukisikia mtu anaulaumu mmea kwa kunywa maji, muulize anazungumzia shambani au kiwandani.

Shambani shida kubwa ni udongo kuachwa uchi. Agave hukaa ardhini miaka sita au saba kabla ya kuvunwa, na hukua polepole. Miaka mitatu ya mwanzo majani yake hayafuniki hata nusu ya nafasi kati ya mistari, magugu yanashamiri, na mkulima anajibu kwa kupiga kiuagugu mpaka ardhi inabaki nyekundu tupu. Halafu mvua zinashuka zote katika miezi michache. Kama mistari imeelekezwa kufuata mteremko, ili trekta lipite kwa urahisi, kila mfereji unakuwa njia ya kupeleka udongo wa juu mtoni. Shamba likivunwa na kupandwa tena mara mbili hivi, mbolea ya dukani inabidi iongezwe kila msimu kufidia kilichokwisha kwenda na maji.

Ndiyo maana ningemwambia mkulima wa kule aanze hapa, kabla ya kufikiria jambo jingine lolote. Mistari ifuate kontua, yaani ikate mteremko kwa usawa badala ya kushuka nao. Penye mwinuko ziwekwe makinga maji, na penye mwinuko mkali asilime kabisa, aache miti. Miaka miwili au mitatu ya kwanza apande mahindi na maharage katikati. Wakulima wadogo wa Jalisco walifanya hivyo zamani, na waliacha pale kilimo cha mkataba kilipoingia na ratiba yake ya dawa. Baada ya hapo apande mikunde ya kutambaa, au aache majani ya asili yaote na kuyafyeka yasizidi kimo. Hata sisi tuliijua njia hii: mashamba ya mkonge yalifunikwa kwa mikunde inayotambaa, Pueraria, iliyolinda ardhi na kuipa naitrojeni. Inaniuma kuona shamba la mkonge la leo limepigwa dawa mpaka hakuna hata jani moja la kijani kati ya mistari, na mwenye shamba anasifiwa kwa usafi.

Sasa misitu. Agave ina bei inayopanda na kuporomoka kwa fujo, kwa sababu uamuzi wa kupanda leo unaonekana sokoni baada ya miaka sita. Mwaka 2022 kilo moja iliwahi kupita peso 30. Miaka miwili baadaye ilikuwa imeanguka vibaya. Bei inapokuwa juu kila mtu anatafuta ardhi, na ardhi ya bei nafuu ni ile yenye msitu mkavu wa kitropiki au mialoni ya milimani. Unakatwa, inapandwa agave, na zote zinakomaa wakati hakuna mnunuzi. Shamba lililotelekezwa linageuka kitalu cha wadudu kwa majirani.

Hapa wenzetu wamepiga hatua ambayo naiheshimu. Serikali ya Jalisco na Baraza la Usimamizi wa Tekila (CRT) wameanzisha cheti cha agave inayowajibika kwa mazingira, kwa kifupi ARA. Picha za setilaiti zinalinganishwa, na shamba lililofyekwa msituni baada ya mwanzo wa mwaka 2016 halipati cheti. Nguvu yake ni kwamba inamgusa mnunuzi, na bila mnunuzi agave haina kazi. Udhaifu wake ni kwamba setilaiti inaona miti iliyokatwa, haioni udongo unaoondoka wala dawa inayopigwa. Tena ardhi nyingi hukodishwa: kampuni inachukua shamba la mkulima mdogo kwa umri wa zao, inalima inavyotaka, inarudisha ardhi iliyochoka. Mkataba wa kukodi ungepaswa kutaja hali ya udongo siku ya kukabidhi na siku ya kurudisha, na nani atalipa tofauti.

Jambo la tatu ni nasaba ya mmea. Agave huchanua mara moja tu maishani kisha hufa, na mlingoti wa maua hula sukari yote iliyohifadhiwa kwenye kitumba, kile kinachofanana na nanasi kubwa. Kwa hiyo mkulima anaukata mlingoti mapema, na anapanda maotea yanayochipua pembeni mwa mmea mama. Yote ni nakala moja. Sheria nayo inakubali agave ya bluu peke yake kwa tekila. Miaka ya 1990 magonjwa ya kuozesha, ukiwemo ule wa kuvu aitwaye fusari, yalisambaa kwenye mashamba hayo kwa sababu ukishindwa mmea mmoja imeshindwa yote. Kwetu chotara wa mkonge aitwaye 11648, aliyezalishwa kituo cha utafiti cha Mlingano, ana sifa nyingi nzuri, lakini ugonjwa wa madoa ya majani unaobeba jina la Korogwe yenu unamsumbua sana. Hata fukusi, mdudu anayetoboa mmea, ni yuleyule, Scyphophorus acupunctatus, Jalisco na Tanga. Mmea wenye fukusi ung'olewe na kuharibiwa mara moja. Kuuacha umelala kati ya mistari ni kumlea.

Rodrigo Medellín, mtafiti wa popo katika UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Meksiko, ameshawishi baadhi ya wazalishaji waache asilimia 5 ya mimea ichanue. Popo wanaokula nekta wanapata chakula safarini, wanabeba chavua kutoka mmea hadi mmea, na mbegu zinapatikana zenye mchanganyiko mpya. Chupa za kwanza zenye alama hiyo ya urafiki na popo zilitoka mwaka 2016. Asilimia 5 ya mavuno si kitu kidogo kwa mwenye hekta mbili, na mimi nasema fidia itoke kwenye bei ya chupa.

Mito tuliyoisahau inachafukia kiwandani. Kila lita ya tekila huacha takriban lita 10 za vinaza, maji yanayobaki baada ya kukeneka, yaani kuchemsha na kukusanya mvuke wa kileo: ya moto, yenye asidi, yamejaa mabaki yanayooza. Mwaka 2023 ilizalishwa tekila karibu lita milioni 600, piga hesabu mwenyewe. Yakimwagwa mtoni yanamaliza oksijeni na samaki wanakufa. Yakimwagwa shambani mabichi yanachachusha udongo. Dawa yake inajulikana. Yapoozwe, asidi ipunguzwe, yaingizwe kwenye mtambo wa biogesi, na gesi irudi kuchemsha boila. Yanayobaki yamwagwe juu ya makapi ya agave, yageuzwe kwa miezi kadhaa hadi yawe mboji, kisha mboji irudi kwenye udongo ule uliochoka.

Hili la gesi hata nyumbani limefanyika: shamba la Hale, hapo wilayani kwenu, lilifunga mtambo wa kilowati 150 unaotumia mabaki ya korona, mashine ya kukamua majani ya mkonge, maana singa, yaani nyuzi, ni kama asilimia 4 tu ya jani na kilichobaki kilikuwa kinatupwa. Ukipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, omba upelekwe huko. Uliza mtambo unalishwa kilo ngapi kwa siku, na unakula nini korona inaposimama, kwa sababu vijidudu vya gesi vinataka chakula kila siku, na viwanda vidogo vya Jalisco vinavyokeneka kwa msimu vinakwama papo hapo. Vikiungana vitatu au vinne kwenye mtambo mmoja, kwa zamu, inawezekana.