Siku za nafuu za Charles VI

Swali la wiki: ni mtawala gani wa zamani unayemwonea huruma? Wangu ni Charles VI wa Ufaransa. Wengi wakimtaja huanza na wazimu wake. Mimi naona kilichomponza zaidi ni zile siku alizopata nafuu.

Alirithi kiti mwaka 1380 akiwa na miaka 11. Baba zake wadogo watatu na mjomba mmoja wakashika ufalme kwa niaba yake, na hazina nayo. Mwaka 1388 akawaweka kando, akawarudisha washauri wa marehemu baba yake, na watu wakamwita Mpendwa. Raha hiyo ilidumu miaka minne.

Agosti 5, 1392, jua likiwa kali njiani karibu na Le Mans, mtumishi aliangusha mkuki ukagonga kofia ya chuma ya mwenzake. Mfalme akachomoa upanga akipiga kelele kwamba amesalitiwa, akaua watu wake mwenyewe kadhaa kabla hajashikwa. Tangu hapo ugonjwa ulikuja na kuondoka kwa miaka 30. Mara alisema jina lake ni Georges, na mkewe Isabeau hamjui. Mara aliamini mwili wake ni kioo, akaogopa kuguswa asije akavunjika. Mwaka 1405 alikaa miezi haogi wala habadili nguo.

Kisha anaamka mzima, anaketi barazani, na neno lake ni sheria.

Angeugua moja kwa moja, angewekewa msimamizi, basi. Lakini utamweka nani badala ya mfalme ambaye mwezi ujao huenda akasimama mwenyewe? Ikawa anayemwahi ndiye anayetawala. Novemba 1407 mdogo wake, Louis wa Orléans, aliuawa usiku katika mtaa wa Paris kwa amri ya Jean wa Bourgogne, mtoto wa baba yao mdogo. Jean alikiri. Mwaka uliofuata mfalme akamsamehe! Mwaka 1412 alikwenda na kundi la Jean kuuzingira mji wa Bourges, alimokuwa baba yake mdogo, Jean wa Berry. Mwaka 1414 akaenda vitani tena, safari hii na kundi la Orléans, kupigana na huyo huyo Jean wa Bourgogne. Katikati yake, Mei 1413, aliidhinisha sheria ndefu ya kusafisha serikali, Septemba akaifuta.

Nilimuuguza mjomba wangu mwenye maradhi ya namna hii. Akiwa hoi, hatukuona mgeni. Akipata nafuu, sebule inajaa, kila mmoja na karatasi yake ya shamba: "Mzee, weka dole gumba hapa." Aliweka kote.

Kwa hiyo mkataba wa Troyes wa Mei 21, 1420, siusomi kama wanavyousoma wanaomlaumu Charles. Ulimnyima mwanawe urithi, ukampa Henry V wa Uingereza taji la baadaye pamoja na binti yake Catherine. Henry hakulivaa, alifariki Agosti 31, 1422, na mkwewe akamfuata Oktoba 21.

Watu wa Paris walijaa barabarani wakimlilia. Nyuma ya jeneza, kati ya wakuu wote wa ukoo wake, hakuwepo hata mmoja. Aliyelifuata ni ndugu yake Henry, John wa Bedford, Mwingereza.