Doa jeupe la Mirihi: barafu au wingu?

SWALI: Januari 2025, kwa darubini ya kioo ya milimita 114 (fokasi milimita 900), niliona doa jeupe upande mmoja wa Mirihi, na usiku mwingine weupe hafifu upande wa pili. Barafu ni ipi? Na Februari 2027 nifanyeje? – Mwalimu, Lindi

JIBU: Mwalimu, wakati ule joto lilikuwa linarudi kaskazini ya Mirihi na baridi inaingia kusini. Doa dogo lenye ukingo mkali lilikuwa barafu ya kaskazini. Weupe hafifu wa kusini yaelekea ulikuwa utando wa mawingu, maana ncha inayoingia majira ya baridi hufunikwa hivyo huku kaboni dioksaidi ikiganda chini yake, kwenye nyuzi 125 hivi chini ya sifuri.

Tarehe 19 Februari 2027 Mirihi itakuwa mkabala na Jua (Dunia ikiwa katikati), upana sekunde 13.8 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii). Lenzi ya jicho ya milimita 10 pamoja na Barlow (lenzi ya kuongeza ukuzaji) ya mara 2 inakupa ukuzaji wa 180, na duara litaonekana kubwa kuliko Mwezi kwa macho matupu. Usizidi 220; kioo chako hakina zaidi ya hapo.

Kwanza jua kaskazini ni wapi. Mirihi ikiwa juu kabisa, kama saa sita na nusu usiku, shusha bomba kidogo kuelekea upeo wa kaskazini: ukingo unaotangulia kutoka ni wa kusini. Kisha badilisha vichujio, yaani vioo vya rangi vya kuweka kwenye lenzi. Kwa bluu namba 80A mawingu hung'aa. Kwa nyekundu namba 23A hufifia, barafu ikabaki. Namba 25 na 47 ziache, zitakutia giza bure.

Mtego mkubwa ni Hellas, bonde kubwa la kusini mwa Mirihi. Majira hayo ya baridi ya kusini hujaa sakitu na mawingu, likang'aa ukingoni mwa kusini hata wazoefu wakaliita ncha. Subiri kwa muda wa saa mbili au tatu: Hellas huhama kwa mzunguko wa sayari, utando wa ncha haubanduki. Tena usihukumu rangi Mirihi ikiwa chini ya nyuzi 40 kutoka upeo wa macho. Hewa yetu huipaka ukingo wa bluu wa uongo.

Mvua za kwenu huendelea hadi Aprili, basi anza katikati ya Januari na utumie kila mwanya wa mawingu.

SWALI: Darubini yangu huota ukungu kila nikiitoa nje. – Msomaji, Mikindani

JIBU: Yaelekea unaitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Itoe dakika 40 mapema ikiwa imefunikwa, na usifute kioo: chumvi ya bahari hukikwaruza.