Jibu: Setilaiti inatuma mawimbi yenyewe, leza ya nini?

Mkuu, umeuliza kwa nini setilaiti za GPS na wenzake zipigwe leza (mwali wa mwanga) kupima umbali wake wakati zinatuma mawimbi ya redio muda wote. Shida ni saa. Mawimbi yanategemea saa iliyomo ndani ya setilaiti. Ikikosea nanosekunde moja tu (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), umbali unapotea sentimeta 30. Leza haiihitaji saa hiyo. Kituo cha ardhini kinarusha mwali mfupi, unagonga vioo vilivyofungwa kwenye setilaiti na kurudi ulikotoka, na saa ya kituo ndiyo inayohesabu. Kwa Galileo, setilaiti za Ulaya zilizo juu kama kilomita 23,200, kwenda na kurudi ni kama sekunde 0.155.

Vioo hivyo ni ndugu wa ile prizima anayoshika msaidizi wetu juu ya fimbo tukipima viwanja huku Njiro (akiinamisha fimbo, tunarudia, na jua hilo!). Galileo na GLONASS (za Urusi) zote zinavyo. GPS za zamani ni mbili tu, zilizorushwa 1993 na 1994.

Adui wa leza ni mawingu. Kituo kingekuwa hapa Arusha, mwezi wa nne hata mlima Meru wenyewe hatuuoni. Ndiyo maana obiti (njia ya setilaiti angani) hukokotolewa kwa mawimbi, kisha leza inakuja kukagua hesabu.