Maswali ya Wasomaji: Sataranji — Nyeusi akilinda e5 kwa f6

SWALI: Shikamooni wahariri. Niko kidato cha tatu hapa Mafinga, na sataranji nimejifunza mwaka huu. Nikianza na e4 (yaani askari hadi mraba wa safu e, mstari wa 4), mwenzangu wa bwenini anajibu e5. Nikimtoa farasi f3, anasukuma askari f6. Nikijenga taratibu, anajipanga na kunishinda. Kuna dawa? — Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba. Dawa ipo, na ni kali: farasi wako amle askari wa e5 hapohapo, hatua ya tatu. Ukicheza taratibu unamsamehe kosa zito. Askari wa f6 amekalia kiti cha farasi wake wa g8, na amefungua mshazari wa h5 hadi e8 na ule wa c4 hadi g8, yote miwili ikielekea kwa mfalme wake.

Akimla farasi wako kwa askari wa f6, malkia wako aende h5, sheki (mfalme wake ameshambuliwa). Akiziba kwa g6, malkia anakula e5 kwa sheki tena, na ngome ya h8 imenaswa. Ukishaila, angalia malkia asifungiwe kule pembeni. Nyeusi akimtoa farasi f6, wewe sukuma d4 ili tembo wa c1 (wengine humwita askofu) apate njia ya h6.

Mchezaji mzuri atampeleka mfalme e7. Malkia anakula e5, sheki, mfalme f7, tembo c4, sheki. Mfalme akienda g6 sasa, amekwisha: malkia f5, mfalme h6, d4 inafungua sheki ya tembo wa c1, g5, kisha h4. Akirudi g7, malkia f7, mfalme h6, askari wa h4 anakula g5, sheki meti (mfalme ameshambuliwa na hana pa kukimbilia).

Kwa hiyo atajitetea kwa d5. Hapa kula kwa tembo, usile kwa malkia. Ukila kwa malkia, malkia wake atamla wako, mtabadilishana, na utabaki na askari watatu badala ya farasi huku mashambulizi yamezimika. Tembo akila d5, mfalme anakimbilia g6. Tulia uutazame ubao. Unatamani malkia aende f5, lakini d5 ilimfungulia njia tembo wake wa c8, naye ndiye mlinzi wa mraba huo. Basi cheza h4, ukitishia h5. Akizuia kwa h5, tembo wako ale b7! Akimla, mlinzi amehama: malkia f5, mfalme h6, d4 sheki, g5, malkia f7, na meti iko jirani. Akikataa kumla na kumtisha malkia wako kwa tembo d6, mpeleke malkia a5. Bado anaiona f5, na ngome ya a8 iko mdomoni mwa tembo wako.

Wanaokwama zaidi ni wale ambao mpinzani hamli farasi bali anatoa malkia e7. Hiyo ndiyo njia yake bora, na hapo usiende h5. Atacheza g6, ukila g6 kwa farasi, malkia wake anakula e4 kwa sheki, kisha anamla farasi, na umepoteza kete nzima. Mrudishe farasi f3. Akila e4 kwa sheki, ziba kwa tembo e2. Kisha farasi c3 anamfukuza malkia, mfalme anaingia ngomeni (mfalme g1, ngome f1, kwa hatua moja), ngome inasimama e1. Malkia wake anahangaika huku kete zako zikitoka moja moja. Huna haja ya haraka.

SWALI: Nami nikishika nyeusi, e5 niilinde kwa nini? — Msomaji, Tukuyu

JIBU: Kwa farasi c6. Ulinzi wa f6 unaitwa Ulinzi wa Damiano, kwa jina la Mreno Pedro Damiano, na hapo amedhulumiwa: katika kitabu chake kilichochapwa Roma mwaka 1512 aliukataa ulinzi huo, akasema farasi c6 ndiyo bora. Askari d6 pia inalinda salama, ila inambana tembo wako wa f8.