Ticha wetu hakutangatanga

Wiki hii mmetuuliza mwalimu gani hatujamsahau na alituachia nini. Mimi wa Tanga, Ngamiani, na wangu alitufundisha Kiswahili darasa la sita, amefariki mwaka huu, jina naliacha maana wanawe sijawaomba ruhusa.

Kilichonifanya niandike ni maneno niliyoyasikia msibani. Tumekaa mkekani baada ya kuzika, mzee mmoja akasema marehemu alikuwa na kipaji ila mshika mawili moja humponyoka, angeshika kimoja angefika mbali, na watu wakaitikia eti kweli kweli. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba lakini moyoni nilikataa na mpaka leo nakataa.

Vingi alishika, sibishi. Asubuhi chaki, jioni anachonga vingalawa vya mti wa mwembe na marengu yake kabisa, yale mabao ya pembeni ya kuzuia chombo kisipinduke, wikiendi anachora mabango ya maduka, usiku ukimtafuta yuko arusini na gitaa, maana taarab yetu ya Tanga ilishaingia gitaa la umeme na besi toka enzi za vikundi vya kina Black Star na Lucky Star miaka ya 1960 na yeye ndo miziki aliyokulia nayo. Na juu ya yote hayo anatunga mashairi.

Sasa sikilizeni alivyotufundisha mizani, yaani hesabu ya silabi kwenye mstari wa shairi. Aliingiza baiskeli darasani, ile ile ya kuja nayo kazini, akaipindua ikakaa kwa usukani na siti, akawa anazungusha pedeli kwa mkono polepole, kila pedeli ikifika chini tunatamka silabi moja, tunaanza na ya kulia. "Mkonge una miiba," anashika tairi. "Ukikatwa huwa kamba," anashika tena. Nane na nane, kumi na sita, mstari umetimia. Ukileta mstari wako nusu yake ina saba, pedeli ya kushoto inabaki juu na darasa zima linaiona imebaki juu, hakuna haja ya kukugombeza. Yaani mimi mtu mzima sasa hivi lakini nikisoma shairi lililopungua nasikia kabisa ile pedeli haijashuka.

Na kingalawa alikuwa anakiweka kwenye beseni la maji, anatuonyesha rengu la huku likizidi la kule chombo kinalala, anasema haya ndo vina, zile silabi za kumalizia zinazofanana, cha kati na cha mwisho vibebane. Gitaa hivo hivo, anagonga ubao wake nane nane kabla hajagusa nyuzi. Kwahiyo mnaposema mawili, matatu, mimi niliona kimoja tu, mtu anatafuta kipimo kikae sawa, akikikosa kwenye mti anakitafuta kwenye nyuzi.

Halafu jamani sisi ni watu wa Tanga. Shaaban Robert si wetu? Kazaliwa Vibambani 1909, kafa 1962 na kaburi lake liko Machui hapo kusini mwa mji, ticha alitupeleka kwa baiskeli tukapakizana wawili wawili. Alituambia pale pale kaburini kwamba huyu alikuwa karani wa forodha miaka mingi, na bado kaandika tenzi, mashairi, insha, hadithi. Nani alimwambia achague?

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa hospitali. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa mbali, amefumba macho, vidole vya mkono wa kulia vinagonga chuma cha kitanda taratibu. Nikahesabu bila kupenda, nane, akapumzika, nane tena. Nikamuuliza ticha, shairi gani hilo? Hakufumbua macho.

"Nyamaza kwanza mwanangu, utanipotezea hesabu."